Mkono wa Kushoto Hauna Kesi

Tuliweka bidoni, yaani dumu, ya lita 20 juu ya ubao wa mawimbi, maji nusu, tukaifunga kwa mpira wa baiskeli isije ikadondoka. Ilikuwa asubuhi. Ziwa lilikuwa bado limelala na upepo haujaanza kushuka milimani. Muzee, fundi wa kanoti, akaingia majini mpaka kiunoni, akaushika ubao kwa mkia, akailenga pua kwenye paa moja jekundu ng'ambo ya ghuba, akausukuma.

Ukanyooka kidogo. Halafu ukaanza kukata kulia, taratibu, mpaka pua ikaacha kabisa kuliangalia lile paa.

Akaurudisha, akausukuma tena. Kulia.

Vijana wa pikipiki waliokuwa wanaosha mashine zao kando yetu walikuwa wanatucheka tangu tulipofika. Sasa wakaacha. Mmoja wao, tambara mkononi, akauliza kwa sauti iliyosikika ufuo mzima:

"Sasa bidoni nayo iko mashoto?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali hilo limekaa nami wiki nyingi, linakuja nikiwa kazini, linakuja nikiwa kwenye foleni ya maji. Acha niliandike, labda litaniacha.

## Faili iliyofunguliwa zamani

Ubao wenyewe ni ubao wa mawimbi hasa, wenye pua iliyochongoka na mapezi matatu chini, si zile mbao pana za kusimama na kupiga kasia. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapa Bukavu aliuacha alipoondoka, siku zile ambazo wengi waliondoka. Mume wa mama mdogo alikuwa sentineli, mlinzi, kwenye nyumba hiyo. Basi ubao ukahamia kwao Nguba pamoja na friji mbovu na mfuko wa vitabu.

Ziwa Kivu halina mawimbi ya kuteleza, na wenye bahari ni ndugu zetu wa Muanda. Hapa kijana analala kifudifudi juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono, anazunguka ghuba, anarudi amechoka na kufurahi. Inamtosha.

Mdogo wangu, mtoto wa huyo mama mdogo, ni mashoto. Anakula kwa kulia kwa sababu alifundishwa mapema na kwa ukali. Anaandika kwa kulia kwa sababu kalamu ilihamishwa mkono darasani. Lakini jiwe akirusha, mpira akidaka, maji akipiga, ni kushoto.

Siku ya kwanza alipoingia ziwani na ule ubao, ukampeleka kulia. Siku iliyofuata vilevile. Na kwenye ufuo wa Nguba hakuna mtu asiye mtaalamu. Hukumu ikatoka kabla hajakauka: mkono wa kushoto ndio wenye nguvu, unavuta maji mengi kuliko wa kulia, basi pua lazima iende kulia. Mama mdogo aliposikia hakushangaa hata kidogo. Alisema alikuwa ameshamwambia.

Nataka niwe mkweli juu ya jambo moja: maelezo hayo hayakuwa ya kijinga. Ukipiga maji zaidi kwa kushoto, pua inaenda kulia. Mvuvi yeyote wa kisiwa cha Idjwi anajua hivyo tangu utoto. Kanuni ilikuwa sahihi, na kijana kweli ni mashoto. Vitu viwili vya kweli vikakaa pamoja, na watu wakaona hakuna haja ya kutafuta cha tatu.

Hilo ndilo linalonisumbua. Ungekuwa ushirikina ningeucheka na kuendelea na mambo yangu.

## Ruzizi inavuta

Kulikuwa na wengine waliopanda ubao, wote wa mkono wa kulia. Nao ulikuwa unawapeleka kulia. Kwa hao maelezo yalikuwa mengine: Ruzizi inavuta.

Ni kweli maji ya ziwa letu yanatokea kwenye mto huo. Ukisimama Nguba ukiangalia maji, mdomo wa Ruzizi uko upande wako wa kulia, na maji yote yanayotoka Kivu yanapita hapo kwenda Tanganyika. Kwa hiyo mtu wa mkono wa kulia akipelekwa kulia, amevutwa na mto. Mashoto akipelekwa kulia, amejivuta mwenyewe.

Nilichokiona ni wakati wa kurudi. Ukigeuka kuuelekea mji, Ruzizi inakuwa kushoto kwako. Kama mto ndio unaovuta, ubao ungetakiwa kukata kushoto. Haukukata kushoto. Uliendelea kwenda kulia vilevile, kila mtu akahangaika kuurekebisha mpaka akafika, na hakuna aliyeutaja mto. Safari ya kurudi haina watazamaji, labda ndiyo sababu. Watu wanaangalia mtu akienda. Akirudi wameshaanza mazungumzo mengine.

Nikaenda kwa muzee.

Muzee anatengeneza kanoti za fibra, zile zinazokimbia kwenda Goma na Idjwi. Karakana yake ni paa la mabati na nguzo nne, na harufu ya rezini, ule utomvu wa dukani unaoganda ukawa mgumu, unaipata kabla hujamwona yeye. Nilimweleza. Hakuuliza kijana anatumia mkono gani. Aliuliza: "Ukiwa peke yake, unaenda wapi?"

Ndipo tukaitafuta bidoni.

## Anasukuma kwa mkono gani?

Ningependa kusema bidoni ilimaliza kesi. Haikumaliza.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa hesabu, alikuwa amekaa juu ya jiwe anatuangalia. Vijana walipoanza kuimba "bidoni mashoto, bidoni mashoto", yeye akauliza swali lake kwa utulivu: "Na muzee anasukuma kwa mkono gani?"

Kimya.

Alikuwa na haki. Mtu akisukuma kitu kwa mkia, mkono wake wenye nguvu unaweza kukipa mzunguko kidogo bila yeye kujua. Muzee ni wa kulia. Labda tulikuwa tumehamisha tu kosa kutoka mkono wa kijana kwenda mkono wa fundi. Niliudhika, maana tayari nilikuwa nimeshaanza kujisikia mshindi. Muzee hakuudhika. Alimwangalia mwalimu muda mrefu, kisha akaenda kuazima mtumbwi.

Tulifunga kamba kwenye pua ya ubao, katikati kabisa, tukauvuta nyuma ya mtumbwi. Watu wawili wanapiga kasia, mmoja kila upande. Mwendo ulipokuwa mdogo ubao ulifuata vizuri. Mwendo ulipoongezeka ukaanza kutoka kwenye njia ya mtumbwi, ukatembea pembeni, upande wa kulia, kamba imekaza mshazari. Tukageuka tukarudi. Kulia. Tukawabadilisha wapiga kasia nafasi. Kulia.

Mwalimu akasimama, akapangusa suruali, akasema: "Basi. Ubao una ugonjwa." Akaenda zake. Huyo ndiye mtu pekee siku ile aliyebadilisha mawazo kwa sauti, mbele za watu, na kwa mwendo wake ungedhani anaenda tu kununua mkate.

## Juu ya matairi mawili

Tuliupindua ubao, tumbo juu, tukaulaza kwenye matairi mawili ya zamani.

Kwanza muzee aliangalia kama mapezi yenyewe yamebadilishana. Mapezi ya pembeni si pacha: upande unaoangalia katikati huwa bapa, upande wa nje una mviringo, kwa hiyo kuna la kulia na la kushoto. Yalikuwa sawa. Akayafungua kwa kile kifunguo kidogo cha pembe sita, vikabaki visanduku vitupu, vile vya plastiki vilivyozamishwa ndani ya ubao ili kulishika pezi.

Halafu akavuta uzi kutoka ncha ya pua mpaka katikati ya mkia. Katikati ya ubao huu kuna uti wa mbao, ukanda mwembamba unaopita toka mwanzo mpaka mwisho ndani ya povu gumu. Uzi na uti vililingana. Vizuri: tuna mstari wa kuamini.

Kisanduku cha kulia: ncha ya mbele iko karibu na uti kuliko ncha ya nyuma, kwa milimita 6.

Kisanduku cha kushoto: ncha ya mbele iko *mbali* na uti kuliko ya nyuma, kwa milimita 5.

Muzee alipima tena, akanipa mita nipime mimi.

Kwa asiyejua: kwenye ubao wa mapezi matatu, mapezi ya pembeni hayawekwi sambamba na uti. Ncha zake za mbele huingizwa ndani kidogo, zikiangalia pua. Robo inchi, hizo milimita 6, ni kipimo cha kawaida kabisa. Pezi la kulia likiangalia ndani linausukuma mkia kushoto; la kushoto linausukuma kulia; ubao ukienda moja kwa moja nguvu hizo mbili zinafutana. Kwenye ubao wetu la kushoto lilikuwa linaangalia nje. Kwa hiyo yote mawili yalikuwa yanausukuma mkia upande mmoja, kushoto. Mkia ukienda kushoto, pua inaenda kulia. Imekwisha.

"Paralelisme," akasema muzee. Na ndiyo, ni kama gari ambalo gurudumu moja linaangalia barabara na lingine linaangalia mtaro. Dereva wa kwetu yeyote angeelewa bila mchoro.

Kulikuwa na dosari nyingine. Mapezi ya pembeni huinamishwa nje kidogo, mara nyingi kati ya digrii 4 na 8. La kulia liliinama hivyo. La kushoto lilisimama karibu wima. Na kisanduku chake kilikuwa hakijazama vya kutosha: ukipitisha kidole unakigusa kimechomoza. Rangi ya rezini kukizunguka ilikuwa tofauti, ya njano zaidi. Cha kulia ni cha kiwandani. Cha kushoto kiliwekwa baadaye na mtu mwingine, mahali fulani duniani, baada ya kile cha kwanza kung'oka.

## Mstari wa ukingo

Nilitaka kumtukana mtu huyo. Muzee akanizuia kwa njia yake: alichukua rula ndefu, akailaza kufuata ukingo wa ubao pale karibu na kisanduku cha kushoto. Rula na kisanduku vikaenda sambamba. Sambamba kabisa, hakuna hata nywele.

Fikiria kazi hiyo. Mtu ana shimo, ana kisanduku kipya, anataka kukiweka sawa. Anaangalia mstari ulio karibu naye, unaoonekana, mrefu, mzuri: ukingo. Anakilinganisha nao kwa makini. Lakini ukingo wa ubao kuelekea mkiani unaingia ndani, unaukaribia uti. Ukikifanya kisanduku kiufuate, ncha ya nyuma inakwenda karibu na uti na ya mbele inabaki mbali. Unapata pezi linaloangalia nje. Kadiri ulivyokuwa makini ndivyo utakavyokosea kwa usahihi zaidi.

Huyu hakuwa mzembe. Nilikaa na jambo hilo usiku ule kuliko nilivyotaka.

Kwa sababu na ufuoni watu hawakuwa wazembe. Walikuwa na mstari ulio karibu, unaoonekana kwa wote. Kati ya watu 10 karibu mmoja ni mashoto, na kila mtu anayemfahamu mashoto ameshawahi kumweleza jambo fulani kwa mkono wake: kikombe kimeanguka, mwandiko mbaya, ameshindwa kukaza skrubu. Tulimpima kijana kwa mstari huo, kwa makini, tukapata jibu lililonyooka.

Muzee hakupendezwa na falsafa yangu. Alichopendezwa nacho ni habari niliyomsomea kwenye simu: kwamba mtu wa kwanza kuupa ubao wa mawimbi pezi, Tom Blake, huko Hawaii mwaka 1935, alitumia mkuku wa chuma uliotoka kwenye boti ya mwendo kasi iliyoachwa. "Kumbe ni wa kwetu," akasema. Nikamwambia pia kwamba haya mapezi matatu ni kazi ya Simon Anderson wa Australia, alibuni mwaka 1980 na mwaka uliofuata akashinda nayo mashindano makubwa. Hilo halikumgusa. Boti ndiyo iliyomgusa.

## Dawa ya bei rahisi

Hapa nilitegemea tutaanza kukata. Muzee akaleta wazo lililonivunja moyo: tuondoe mapezi ya pembeni yote mawili, tubaki na la kati.

Na alikuwa sahihi, na ilikuwa inaudhi. Kwenye wimbi mapezi matatu yanakupa kushika na kugeuka. Kwenye ziwa tulivu, mtu anayelala na kupiga maji anahitaji tu ubao uende mbele, na pezi moja la katikati linafanya kazi hiyo. Hakuna patasi, hakuna rezini, hakuna senti. Tulijaribu siku ileile. Kwa bidoni: moja kwa moja. Kwa kamba: moja kwa moja, nyuma ya mtumbwi, bila ubishi.

Tukamwita mdogo wangu. Akalala, akapiga maji.

Akaenda kushoto.

Si kidogo. Alikata kushoto mpaka akakaribia kugonga nguzo ya gati. Akajirekebisha, akaenda kushoto tena. Vijana wa pikipiki, ambao sasa walikuwa wafuasi wetu wa kila siku, walipiga kelele mpaka bata wakaruka: "Ameshakuwa wa kuume! Mumemugeuza!"

Alitoka majini uso umemjaa. "Yaya," akaniambia mimi mkubwa wake, "sasa ni mimi kweli."

Ilimchukua muzee muda kumweleza, na mimi ilinichukua muda zaidi kuelewa. Miezi yote ile kijana alikuwa anapigana na ubao. Kila mkono wa kushoto ulipoingia majini aliupunguza nguvu, kila wa kulia aliuongeza. Bila kuhesabu, bila kufikiri. Mwili wake ulikuwa umejifunza ubao mbovu vizuri kabisa. Tulipoondoa kosa, marekebisho yake yakabaki peke yake juu ya maji, hayana cha kurekebisha, na sasa yakawa yenyewe ndiyo kosa.

Nimefikiria sana kuhusu mtu ambaye angekuja siku ile kwa mara ya kwanza. Angemwona kijana juu ya ubao ulio sawa, akienda upande. Angesema tatizo ni kijana, na mbele ya macho yake angekuwa na ushahidi wote. Mama mdogo alikuja kweli, akaona, akatikisa kichwa. Sikuwa na la kumwambia lililo fupi.

Akaanza upya. Muzee alimpa zoezi moja tu: apige maji huku macho yameganda kwenye lile paa jekundu, na asiiangalie mikono. Kwanza alikwenda kama mlevi. Polepole mstari ukanyooka.

## Ufa

Kwa hiyo tungeishia hapo, pezi moja, kila mtu nyumbani kwake. Ila kisanduku cha kushoto kilikuwa na ufa.

Kwa vile kilichomoza, kila ubao ulipoburutwa mchangani kiligongwa. Rezini kukizunguka ilikuwa imeachia, mstari mwembamba ambao huuoni mpaka ukaminye: ukaminya, tone la maji likatoka. Ubao ulikuwa unakunywa ziwa. Ndiyo maana kijana alikuwa analalamika kwamba umekuwa mzito, nasi tukadhani ni uvivu. (Kuna mtindo hapa, nauona.)

Kisanduku lazima kitoke. Na kama kinatoka, shimo lazima lizibwe, na kama unaziba shimo, mbona usikirudishe mahali pake? Hivyo ndivyo muzee alivyojishawishi mwenyewe. Kijana hakuhitaji kushawishiwa. Ameona video, anataka mapezi matatu.

Lakini kwanza: ndani kuna nini?

Swali hili ndilo lililotuchelewesha, na kwa haki. Rezini inayopatikana Bukavu, ile ya kanoti na ya magereji ya kunyoosha magari, ni poliesta. Mbao za mawimbi zina mioyo ya povu ya aina mbili. Ukiwa wa poliuretani, poliesta inakaa nao vizuri. Ukiwa wa polistairini, ile nyeupe yenye chembe chembe kama ya masanduku ya televisheni, poliesta inaula. Unamimina rezini jioni, asubuhi unakuta pango. Huo unahitaji rezini ya aina nyingine, epoksi.

Uti wa mbao na rangi ya njano vilielekea poliuretani. Muzee hataki kuelekea, anataka kujua. Alikwangua chembe kutoka ndani ya ufa, akaitumbukiza kwenye kifuniko cha chupa chenye asetoni. Polistairini ingeyeyuka papo hapo. Chembe yetu ilikaa. Akaacha mpaka akamaliza chai. Ilikaa.

## Mahali pake

Kukausha ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote. Ilikuwa bado masika, na hapa kwetu mvua tangu Septemba hadi Mei haiulizi mtu ratiba. Ubao ulining'inia chini ya mabati, ufa ukiangalia chini, ukidondosha, kisha ukiacha kudondosha, kisha muzee akisema bado. Rezini haishiki povu lenye maji. Ukiharakisha unafunga unyevu ndani.

Kisanduku kipya hakipatikani mji huu, basi ikabidi kile cha zamani kitoke kizima. Muzee alikata kwa upanga wa msumeno wa chuma, kando kidogo, akakitoa na bonge lote la rezini, kisha akalichonga bonge hilo kidogo kidogo mpaka plastiki ikabaki. Kazi ya kuudhi. Vumbi la fibra linawasha ngozi siku mbili; yeye anafunga kitambaa puani na kuvaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na anawafukuza watoto.

Shimo jipya lingekuwa nusu ndani ya lile la zamani, kwa hiyo alilijaza kwanza lote: kipande cha mbao nyepesi, na rezini iliyochanganywa na fibra iliyokatwakatwa. Si kwa mara moja. Rezini nyingi ikimiminwa pamoja inapata moto yenyewe, inapasuka, inaunguza povu. Alimimina safu, akangoja ipoe, akamimina nyingine. Kigandishi anakipima kati ya asilimia 1 na 2. Jioni ya baridi anasogea kwenye 2, mchana anarudi nyuma. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, hivyo mfereji mpya ulichimbwa kwa patasi.

Kupanga ndiko nilikokupenda. Hakuangalia ukingo hata mara moja. Alipima kutoka kwenye uti tu. Alichora umbo la kisanduku cha kulia kwenye karatasi, na uti wake na vipimo vyake, akaipindua karatasi, akailaza upande wa kushoto. Akaziba tundu la skrubu na mdomo wa kisanduku kwa utepe ili rezini isiingie. Akalitia pezi lenyewe ndani ya kisanduku, maana kisanduku ni kifupi, kama sentimita 12, na kosa dogo halionekani. Pezi likisimama juu yake unaona kila kitu. Akakata ubao mwembamba kwa pembe ya mwinamo wa pezi la kulia, akautumia kuliegemeza la kushoto. Mimi nilishika taa ya simu. Kijana alishika uzi.

Kwa mkono wa kushoto, ndiyo. Hakuna aliyesema kitu, ila muzee alimwambia anashika vizuri, hautetemeki.

Rezini ilipogandamana tukapima. Ncha ya mbele ndani kuliko ya nyuma kwa milimita 5 na kitu, kulia ni 6. Nilimuuliza muzee kama tofauti hiyo itasumbua. Akaniuliza kama mimi miguu yangu inalingana. Akafunika yote kwa kitambaa cha fibra kipana, akapiga msasa mpaka kidole kikapita bila kugundua.

## Skrubu

Kinachobaki ni kitu cha kipuuzi. Wakati wa kukitoa kile kisanduku, meno ya tundu la skrubu yalilika. Pezi la kushoto linaingia, linasimama vizuri kabisa, linaangalia pale linapotakiwa kuangalia, na ukilivuta linatoka mkononi. Kuna skrubu pana kidogo zinazotengenezwa kwa ajili ya matundu yaliyolika hivi. Huko Kadutu nimetafuta mpaka kwa mafundi wa saa. Muzee anapendekeza gundi. Kijana hataki pezi lisilotoka, anasema ubao utaharibika njiani ukibebwa, na hapo naona ana hoja.

Basi kwa sasa anatembelea lile pezi la kati, na mawili ya pembeni yako ndani ya soksi nyumbani kwa mama mdogo. Kama kuna msomaji anayekuja Bukavu kutoka pwani yoyote, Mombasa, Dar, Muanda, skrubu zenyewe ni fupi, za chuma kisichoshika kutu, hazina kichwa, zina tundu la pembe sita juu. Niandikie kabla hujanunua. Nitakutumia kipimo na picha.